Nilitengeneza ziwa dogo sebuleni ili shangazi wa mchumba wangu anikubali, samaki wakaanza kupotea

Wakuu, hamjambo. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi, maana kila nikiusoma naona koma moja haijakaa sawa. Leo naubandika ulivyo. Yote ni kweli, hasa yale yanayoniaibisha, na hayo ndiyo mengi.

Mimi ni fundi wa printer na photocopier hapa Kisumu. Naishi Migosi, chumba kimoja na sebule. Sikusomea ufundi popote. Nilijifunza kwa kufungua mashine za watu na kuomba Mungu zirudi zilivyokuwa. Tabia hiyo ya kujifundisha kila kitu ndiyo iliyonifikisha hapa.

Nina mchumba, Akinyi. Amelelewa na shangazi yake, dada ya baba yake, mama mmoja wa Pap Onditi aliyekuwa matron wa shule ya bweni ya wasichana mpaka alipostaafu. Baba yake Akinyi hafungui mdomo kuhusu ndoa kabla shangazi hajasema neno. Na shangazi hasemi neno kabla hajaingia nyumbani kwako na kuangalia.

Kijana aliyenitangulia alikataliwa kwa sababu ya maua.

Sitanii. Shangazi alifika kwake, akakuta maua ya kwenye kopo pale mlangoni yamekauka, akanywa soda yake yote, akashukuru, akaondoka. Njiani akamwambia Akinyi, "Maua iko hapo mlangoni anaipita kila siku, na ameshindwa kuipatia maji. Wewe ndio atakukumbuka?"

Kwa hiyo Akinyi aliponiambia shangazi anapanga kuja kwangu, niliitazama nyumba yangu kwa macho mapya. Hakukuwa na kitu chenye uhai isipokuwa mimi na mende.

Nilihitaji kitu hai, kilichotunzwa vizuri, kinachoonekana mtu akifungua tu mlango. Maua sikuthubutu. Nikachagua samaki.

Najua mnachofikiria. Kisumu, samaki, kwa kioo badala ya sufuria. Hata mama yangu nilipomweleza kwenye simu aliuliza, "Unawanonesha kwanza?"

Tanki lilitengenezwa na fundi wa madirisha pale Kibuye. Nilimpelekea mchoro wenye vipimo vya milimita. Akauangalia, akaniangalia.

"Omera, hii ni ya samaki, ama kuna mkubwa anazikwa?"

Nilisimama hapo mpaka akamaliza kupaka silicone. Alisema angefanya haraka zaidi kama nisingekuwa napumua shingoni mwake.

Halafu mchanga. Niliuosha mpaka majirani wakaniuliza kama nyumbani kuna mtu amekufa. Mawe niliyatoa upande wa Riat, nikayachemsha kwenye sufuria yangu ya ugali, nikayapanga kwa ukubwa, dogo mpaka kubwa, mstari umenyooka. Nilijisikia vizuri sana. Baadaye nikaona video moja mtandaoni, jamaa anasema ziwani hakuna mistari. Nikayatoa yote. Jumamosi nzima nilikaa na rula nikipanga mawe yaonekane hayajapangwa.

Ilibaki mimea. Hapa nilifanya jambo ambalo nadhani hakuna mtu mwingine Kisumu amewahi kulifanya kwa hiari yake.

Nilileta gugumaji nyumbani.

Lile lile gugu linalofunika ziwa na kufungia boti njia. Lakini wakuu, lina maua ya zambarau, na mizizi yake ikining'inia kwenye maji safi yenye taa ni kitu kizuri. Landlady wangu, Mama Beryl, alinikuta nalo kwenye ngazi.

"Serikali inanunua mashine ya kutoa hiyo kitu kwa ziwa, na wewe unaipandisha kwa nyumba yangu?"

Nikamwambia ni kimea kimoja tu.

"Hata huko walianza na kimoja," akasema.

Sasa samaki wenyewe. Nilitumwa Luanda Kotieno kutengeneza photocopier ya duka moja karibu na ferry. Nilipomaliza nikashuka ufukweni, nikakuta wavuvi wanachambua samaki, na kwenye beseni moja kulikuwa na fulu wazima. Mnawajua fulu, wale wadogo ambao hukaushwa na kuuzwa kwa mafungu. Mimi nimewala tangu utotoni na sikuwahi kuwaona wakiwa hai majini. Dume la fulu ni bluu kama moto wa gesi, na mapezi yake yana wekundu. Nilisimama pale kama mtu aliyegundua kwamba jirani yake wa miaka yote anaimba vizuri.

Nikasema nawataka wakiwa hai. Akina mama waliokuwa wakingoja samaki wakaangua kicheko.

"Huyu ako na paka ngapi?"

"Si paka. Ona vile anawachagua na rangi. Anatafuta bibi."

Huyo wa pili hakuwa mbali na ukweli.

Nilichagua mmoja mmoja. Karibu na mwisho nikaona kengine kako peke yake, kana madoadoa ya kahawia, macho yanang'aa kama dhahabu. Nikauliza, na huyu? Mvuvi akanitazama kidogo.

"Unataka huyo pia?"

"Ndiyo, ni mzuri."

"Basi huyo chukua bure."

Nilidhani ni ukarimu, wakuu. Nilimshukuru mara mbili.

Nikarudi Kisumu na ndoo yenye kifuniko nilichotoboa matundu, na kipampu cha betri kikitoa povu ndani. Wote walifika wazima. Nilipowasha taa, Akinyi alikaa kwenye kochi, akasema, "Kumbe hivi ndivyo wako." Usiku huo, kwa mara ya kwanza, niliamini shangazi atanipenda.

Wiki iliyofuata fulu wakaanza kupungua.

Hapakuwa na maiti. Unaamka asubuhi, mmoja hayupo. Mwanzoni nilijiambia wamejificha nyuma ya mawe, si niliyapanga vizuri. Nikayatoa mawe. Hakuna mtu.

Nikaanza kujichunguza. Labda ni chlorine. Nikaacha maji kwenye ndoo yapumzike kabla ya kuyamimina. Labda ni harufu ya vitunguu. Nikaacha kupika vitunguu. Labda ni stress. Nikazima redio, nikawa natembea sebuleni kwangu na soksi. Nikamshuku paka wa Mama Beryl, nikatengeneza kifuniko cha wavu. Paka akaja kuketi juu ya wavu, na fulu wakaendelea kupotea.

Yule wa bluu kuliko wote alipopotea nililia. Bafuni, bomba limefunguliwa. Nimesema nitasema kweli.

Kitu pekee kilichonitia moyo ni yule wa madoadoa. Yeye alikuwa mtulivu, halalamiki, na alinenepa. Nilimwita Mzee. Kila nikikata tamaa nilimtazama nikajiambia: kama maji yangu yangekuwa mabaya, Mzee angenawiri hivi? Alikuwa ndiye mteja wangu mmoja aliyeridhika na huduma.

Ilipofika Jumapili ya shangazi, alibaki Mzee peke yake, na gugumaji ambalo sasa lilikuwa limefunika nusu ya tanki.

Kuhusu chakula, nilitaka kupika kuku. Akinyi akanikataza. "Kuku ni ya wakwe. Ukimpikia kuku kabla hajakukubali, ataona umejipatia jibu mwenyewe. Pika samaki tu." Nikaagiza samaki mzima kwa mama wa kibanda, wa kukaangwa na kuungwa nyanya, kwa sababu mgeni wa heshima hapewi samaki asiye na kichwa.

Shangazi aliingia, akapitisha kidole kwenye fremu ya dirisha, akakiangalia kidole, akaenda moja kwa moja kwenye tanki.

"Akinyi aliniambia uko na samaki wengi."

"Wanapumzika, Mama. Nyuma ya majani."

Alikaa. Nikaleta maji, tukanawa, tukaomba, nikafunua sahani mbele yake.

Hapo ndipo nilipomwona.

Samaki kwenye sahani alikuwa na paji la uso lililobonyea, kama mtu amelikalia. Taya la chini limetokeza mbele. Nikainua macho. Nyuma ya bega la shangazi, ndani ya kioo, Mzee alikuwa ametulia akitutazama. Paji lile lile limebonyea. Taya lile lile.

Nikaangalia sahani. Nikaangalia tanki.

Wakuu, mimi ni mtoto wa ziwa hili. Yule wa kwenye sahani alikuwa mbuta, wengine humwita sangara. Mbuta nimemla kwenye sherehe, kwenye matanga, kwenye vibanda. Kila mtoto wa huku anajua kwamba mbuta aliletwa ziwani akawala fulu karibu awamalize. Lakini mbuta ninayemjua hubebwa begani, mkia unaburutika chini. Haikunijia akilini kwamba naye aliwahi kuwa mdogo.

"Mungu wangu," nikasema kwa sauti. "Ni yeye."

Halafu yote yakanitoka, bila kupumua: beseni, bure, chlorine, vitunguu, soksi, bafuni. Akinyi alifumba macho. Shangazi aliacha ugali wake, akasimama na mkono wenye mchuzi ameuinua juu, akaenda kwenye kioo. Akamtazama Mzee. Akarudi akatazama sahani. Akarudi tena kwenye kioo.

"Uliwalilia?"

"Nani, Mama?"

"Hao wadogo."

"Mmoja. Wa bluu."

Bega lake likaanza kutetemeka. Nilidhani ni hasira mpaka nikasikia sauti. Alicheka mpaka Akinyi akamshika asianguke.

"Akinyi, nyathina, mtoto wangu! Gugumaji ameweka. Fulu ameweka. Akaona ziwa haijakamilika, akaenda akatafuta mbuta! Na akamwambia ahsante kwa kukula wenzake!"

Kitu kilichotuchukua vizazi kukiharibu, mimi nilikimaliza kabla ya mwisho wa mwezi, tena kwa maji yaliyopimwa.

Lakini alipoondoka hakucheka. Alisimama mlangoni akanyoosha kidole kwenye tanki. "Huyo ndiye amebaki. Nitaona kama utamtunza."

Sikulala, wakuu. Mzee hakuwa mtu wa tanki lile, kwa jinsi alivyokuwa anakua. Nilimwendea Mama Beryl, nikamwomba tanki lake la plastiki lililopasuka juu, lile la nyuma ya nyumba. Akakubali kwa sharti moja: gugumaji litoke na nilichome mbele ya macho yake. Nikalikausha, nikalichoma. Mzee akahamia nje, chini ya kivuli nilichomtengenezea, na kila jioni namrushia omena, dagaa wa ziwa letu.

Shangazi akaanza kupiga simu. Hanisalimu. Anauliza, "Amekula?" Mvua ikinyesha anapiga, "Maji haijamwagika?" Juzi akatuma gunia dogo la omena kutoka Pap Onditi, na ujumbe kwamba hiyo si yangu.

Na jana alipiga tena. Nikamwambia Mzee amekula vizuri.

"Jumapili nakuja na baba yake Akinyi," akasema. "Pika kuku."

Nilikaa chini hapo hapo kwenye ngazi.

Funzo nililopata: ukiona kila kitu kinaharibika, usikimbilie kujilaumu. Mtazame kwanza anayenenepa. Na mtu akikupa kitu bure huku anakuangalia hivyo, muulize kinakula nini.

Wenye uzoefu wa kufuga mbuta karibuni mnishauri, pia wanaotaka kunicheka, nimeshazoea.

Ila nina swali la haraka. Kuku nimeshamnunua, wa kienyeji, yuko jikoni amefungwa mguu. Leo asubuhi ametaga yai kwenye kiatu changu, akanitazama kama anasubiri nimpongeze.

Nimempongeza. Na sasa ana jina. Nifanyeje?