Kukumbatiana na Mwenye Bastola

Barua ya kuomba bastola niliiandika mimi. Kaka yangu ana mwandiko mbaya, na tangu tukiwa shule ya msingi barua zote za nyumbani zilikuwa kazi yangu. Niliandika kwamba mwombaji ni mnunuzi wa maharage na mahindi, mkazi wa Nyamiaga, kwamba shughuli zake humpitisha mara kwa mara kwenye pori lililo kati ya Ngara na Biharamulo, na kwamba anaomba kumiliki silaha ndogo kwa ajili ya kujilinda. Niliisoma mara mbili, nikaondoa neno moja lililorudiwa, nikampa asaini.

Miezi michache kabla ya barua hiyo alikuwa ametekwa porini. Walimlaza kifudifudi pembeni mwa barabara, wakachukua kila alichokuwa nacho, hata viatu. Alifika nyumbani peku, akaketi kwenye benchi la jikoni, akakataa kula. Mama aliosha miguu yake kwenye beseni kama alivyokuwa akituosha tukiwa wadogo, na yeye akamwachia. Sikuwahi kumwona kaka akimwachia mtu amfanyie kitu.

Barua ya namna ile haiendi moja kwa moja polisi. Huanzia kwa halmashauri ya kijiji, ambayo lazima ikae na kuthibitisha kwamba mwombaji si mlevi, hapigi mke, hana ugomvi wa mipaka. Kikao kilifanyika mchana, madirisha wazi, na waliokuwa nje walisikia kila kitu. Mjumbe mmoja alisema kaka ana hasira, akatoa mfano wa mechi ya mpira ya miaka mingi iliyopita. Mwenyekiti akauliza kama kuna anayetaka kumnyima mtu silaha kwa sababu ya penalti. Watu wakacheka, muhtasari ukaandikwa, mhuri ukagongwa. Kutoka hapo barua ilipanda kwenye kata, kisha wilayani. Kibali kilipotoka, hakuna mtu Nyamiaga aliyekuwa hajui kwamba kaka anakwenda kununua bastola ya kuficha.

Tulikwenda wote wawili Mwanza. Muuzaji alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, mtulivu kama muuza vitabu. Kwanza alimshauri kaka anunue bunduki ya risasi za marisau, akisema mkulima huitoa mlangoni, mwizi akaona mwenyewe na kuondoka. Kaka akasema mnunuzi hawezi kuingia shambani kwa watu na bunduki begani; watamuuzia kwa woga leo, kesho watamficha mahindi. Mzee akakubali, akatandika kitambaa na kuweka bastola tatu.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, nzito, na kaka aliipenda kwa macho. Mzee alimwambia aivae kiunoni, aketi, ainame, ajifanye ananyanyua gunia. Ilimchoma mbavu na kuchomoza nyuma ya shati. "Hii utaichoka kabla mwezi haujaisha," mzee alisema. "Utaiacha kabatini, na siku hiyo ndiyo watakuja." Ya pili ilikuwa ndogo mno, kidole cha kaka hakikuenea vizuri. Alichukua ya tatu, nyeusi, bapa, pamoja na mfuko wa ngozi wa kuvaa ndani ya mkanda, upande wa kulia. Tulipotoka tukanunua na koti linalopwaya.

Alipelekwa pia kwa mwanajeshi mstaafu aliyemfundisha kulenga. Aliporudi alitusimulia tukiwa tunakula: namna ya kuondoa pindo la koti kwa mkono mmoja, namna ya kutoweka kidole kwenye kifyatulio kabla ya wakati. Kisha akasema kwamba mwalimu alikazia jambo moja kuliko yote. Mtutu ukishakuelekea, wewe umechelewa. Usichomoe kitu. Mikono juu ya usukani ionekane, toa wanachotaka, uishi.

Mama aliacha kumenya ndizi. "Sasa hicho ni cha nini?"

Kaka alicheka, akasema ni cha kabla ya kuchelewa.

Kwetu Ngara, watu wasioonana hata siku mbili hawaishii kupeana mikono. Hukumbatiana, viganja vikishuka taratibu kutoka mabegani hadi mbavuni na kiunoni, huku wakiulizana habari za watu, za mifugo, za mashamba, na hawaachiani mpaka habari ziishe. Siku ya kwanza kaka alipokuja kumsalimia mama na bastola yake, mama alimshika hivyo. Kiganja chake kikafika kwenye chuma. Aliutoa mkono haraka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto, na ile habari aliyokuwa akiuliza hakuimaliza.

Baada ya hapo kaka alianza kutoa mkono. Aliunyoosha mapema, ukiwa umekaza, ili mtu asimkaribie. Alisema mwalimu amemkataza kuruhusu watu kiunoni, na pengine ni kweli. Sokoni wakamfanya mzaha. "Afisa amefika," walisema. "Tumpe mkono mmoja au tunyooshe yote miwili?" Baada ya misa, wamama waliomlea walimpita wakimpungia kwa mbali. Yeye alicheka pamoja nao, lakini niliona kwamba alianza kuchelewa kanisani na kutoka mapema.

Mama hakucheka. Mama aliuza ndizi Lukole enzi za kambi ya wakimbizi, katikati ya maelfu ya watu asiowajua, na alikuwa akijisifu kwamba alimkumbatia kila aliyemsalimia. Aliniambia mara moja tu, tukichambua maharage, kwamba ana watoto wawili na mmoja amekuwa wa kupungiwa. Karibu miaka miwili ilipita hivyo.

Kisha mdogo wake mama akafariki Kaniha, upande wa Biharamulo, alikokuwa ameolewa. Tulikwenda kuzika, kaka akiendesha gari lake la mizigo, sisi wawili pembeni yake. Tulipoegesha karibu na nyumba ya msiba mama hakushuka.

"Leo hutaingia na hicho kitu kwa mdogo wangu," alisema.

Kaka alieleza kwamba hawezi kukiacha garini kwa sababu kitasa cha mlango ni kibovu, na kwamba sheria haimruhusu kumpa mtu mwingine. Alieleza kwa upole, kwa utaratibu. Mama alisikiliza yote, kisha akakunjua kitenge chake cha akiba juu ya mapaja.

"Weka hapa."

Aliiweka. Mama aliiviringisha, akaitia chini ya kikapu chake, juu yake akapanga sahani na fungu la mchele tulilokuja nalo. Kikapu kilikaa kando yake mkekani muda wote, katikati ya wamama waliokuwa wakilia.

Na kaka alisalimia watu. Baba mdogo, mume wa marehemu, alimwangukia kifuani na kaka akamshika muda mrefu, viganja vyake vikipanda na kushuka mgongoni. Aliwakumbatia watoto wa marehemu, majirani, watu asiowajua. Nilimtazama mama. Alikuwa anamlilia mdogo wake, na katikati ya machozi yale alikuwa akimfuata kaka kwa macho, mtu mmoja hadi mwingine. Ni siku ya maziko, na mimi naikumbuka kama siku aliyoturudia kaka.

Salamu hizo zilikula muda wetu. Magari ya kwenda Ngara husubiriana na kuvuka pori kwa msafara, polisi wakitangulia. Tulipofika barabara kuu msafara ulikuwa umeshaondoka. Tungeweza kulala Kaniha. Mimi nilisema tulale. Kaka aliomba kikapu, mama akasema atakichukua nyumbani, siyo kabla. Kaka akacheka, nafikiri alikuwa na furaha. "Basi leo eskoti wetu ni mama," alisema, akawasha gari.

Ilikuwa kama saa tisa alasiri, jua bado kali. Kwenye kona palikuwa na gogo. Wanaume watatu walitoka majanini, mmoja na bunduki ndefu. Kaka aliweka mikono miwili juu ya usukani, vidole vimeachana, kama alivyofundishwa. Alisema bila kugeuka, "Msikimbie. Fanyeni wanavyosema." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Walitushusha. Mimi na mama walitukalisha chini, yeye na kikapu chake, kaka wakamsimamisha. Mmoja wao, asiye na silaha, alimkaribia, akapitisha viganja mbavuni, akashuka kiunoni kulia, kisha kushoto. Hakuulizia fedha wala simu.

"Iko wapi?"

Kaka akasema ameiacha nyumbani.

"Unatembea nayo. Wote wanajua unatembea nayo."

Walimlaza na kumpiga kwa kitako cha bunduki. Mkono wa kushoto ulivunjika mbele yetu, niliusikia. Kila mara walimuuliza, kila mara alijibu kwamba iko nyumbani. Hakutazama kikapu hata mara moja. Yule mwenye bunduki akasema apigwe risasi ya goti, atakumbuka tu ilipo. Akageuza mtutu.

"Iko huku, mwanangu," mama alisema. "Mwache. Iko huku."

Alimwita jambazi mwanangu. Alitoa mchele, akatoa sahani, akampa kitenge kama kilivyo. Yule kijana alikipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu kutoka kwa mkubwa. "Asante, mama," alisema. Wakaingia porini.

Kwa polisi, kaka alisema bastola ilichukuliwa kiunoni mwake. Mama aliposikia, alivaa kitenge chake cha kanisani na kwenda kutoa maelezo yake mwenyewe. Kaka alinyang'anywa kibali, akahojiwa mara nyingi, kisha akaachwa. Mkono ulipona vibaya. Kiuno chake kilikuwa huru sasa na tulidhani tutakumbatiana, lakini mkono ule wa kushoto haukuinuka kufika bega la mtu.

Baada ya miezi kadhaa aliitwa kituoni. Nilikwenda naye, na mama akakataa kubaki. Bastola ilikuwa imepatikana, namba zake zilikuwa zile za kwenye kibali. Askari alitueleza vizuri, bila ukali: ilikamatwa mikononi mwa kundi lililomuua dereva wa bodaboda upande wa Biharamulo. Risasi moja. Pikipiki waliichukua.

Mama aliuliza swali moja. "Huyo marehemu ana mama?"

Askari akasema anaye.

Wiki nzima ikapita. Kisha mama akamwambia kaka ampeleke kwa mama wa marehemu. Kaka alimwambia kwamba haitasaidia, kwamba aliyeua ni aliyefyatua, kwamba watu wanaweza kutudhuru. Mimi nilimuunga mkono kaka. Mama alisema, "Nilimpa mtu kitu mkononi, kikaenda kwa mwana wa mwenzangu. Lazima nikifuate." Tulikwenda, safari hii ndani ya msafara, nyuma ya lori la saruji.

Nyumba ilikuwa ya matofali na bati, uwanja umefagiliwa. Mwanamke aliyetupokea alikuwa mdogo kuliko mama, kanga nyeusi mabegani. Alimwamkia mama shikamoo, na alipojua tumetoka Ngara kwa ajili ya msiba, hakuuliza zaidi. Alimkumbatia mama, akanikumbatia mimi, akamkumbatia kaka, akawa mwangalifu na mkono wake mbovu. Alituwekea viti, akaleta maji.

Yeye ni Msukuma, mama ni Mhangaza, kwa hiyo mama alilazimika kusema kwa Kiswahili, lugha anayoitumia sokoni na kwa daktari. Hana maneno mengi ya Kiswahili ya kuzungushia jambo. Alisema: "Bastola iliyomuua mwanao ilikuwa ya huyu wangu. Walikuwa wanampiga. Mimi niliitoa kikapuni, nikawapa."

Kuku walipita kati ya miguu yetu. Kisha yule mama akanyoosha kidole kwa kaka, bila kumtazama.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Walimvunja mkono huo?"

"Huo."

Akamtazama sasa, kuanzia miguuni hadi usoni. Hakuwa na haraka. Nilihesabu matofali ya ukuta wa nyumba yake ili nisimtazame.

"Na mimi ningetoa," alisema mwishowe.

Mama alilia, yeye hakulia. Tulipoinuka alitusindikiza hadi barabarani, kama inavyompasa mwenyeji, akitembea hatua chache mbele yetu. Pale barabarani mama alimgeukia. Kaka naye alifungua mkono wake wa kulia, na ule wa kushoto akaunyanyua kadiri ulivyoweza.

Yule mama alisimama mbali kidogo na kunyoosha mkono, umekaza, mapema, kabla hawajamkaribia. Mama aliupokea, akainama. Kisha kaka. Aliushika kwa adabu, akauachia, akaufuata kwa macho ukirudi chini ya kanga. Nilimwona akiutambua: ndivyo yeye alivyokuwa akiwanyooshea watu.