Suti Mbili za Kwenda Magu

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, Jumamosi, gari letu lilisimama Magu, mbele ya boma la watu tuliokwenda kuwaomba binti. Miadi ilikuwa saa nne kamili. Jarida moja nililosoma lilishauri kuchelewa kidogo, kwamba anayewahi anaonekana mhitaji. Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyetaka kuoa, alikuwa kando yangu akifuta jasho shingoni.

Baba yetu alishafariki, hivyo kumsemea mdogo wangu lilikuwa jukumu langu. Shule niliishia darasa la saba. Ufundi wa umeme unaonilisha nimejifunza kwa kusoma, na maandishi hayajawahi kunidanganya kuhusu waya. Basi nikafanya nilivyozoea: nilinunua majarida ya mitindo pale Mkuyuni, nikapigia mstari maneno ya mtaalamu mmoja wa mavazi na hadhi. Suti ya rangi moja. Gari safi. Na kwamba mtu mwenye hadhi hajielezi.

"Kaka, mimi fundi pikipiki," mdogo wangu alilalamika siku ya kupimwa suti. "Binti ananijua nina grisi mpaka masikioni."

"Wazazi wake hawakujui," nilimjibu. "Simama wima upimwe."

Huko Magu tuliwaamkia wazee, tukaketi. Tulikuwa na ng'ombe kumi wa mahari, urithi wa baba, na binti alishatudokeza kwamba kumi wangetosha. Baba yake alianza kupanga vijiti chini, kijiti kimoja ng'ombe mmoja. Alipofika cha kumi, shangazi wa binti akaangua kicheko mlangoni.

"We kaka, mkono umechoka? Hujaona gari lililowaleta? Matairi yenyewe yanang'aa kuliko sahani zangu! Hao matajiri wa Ilemela, ongeza!"

Watu wakacheka. Mzee akaongeza, akaishia ishirini na watano.

"Kaka," mdogo wangu alininong'oneza, "waambie gari la kukodi. Waambie tu."

Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni. Nikayameza, nikakaa mgongo wima kama nilivyosoma. Hatimaye nikasema, "Baba, tutalitafakari."

Mzee alinitazama. "Mwanangu, mwenye gari lile akianza kutafakari ng'ombe, maana yake binti yangu hajamtosha." Akakusanya vijiti vyake.

Tukashika njia ya kurudi. Mdogo wangu alivua koti, akalikunja, akaliweka kwenye kiti kati yetu.

Nilituma ujumbe mara mbili kuomba tukutane tena. Mara ya pili nilieleza ukweli kuhusu gari. Jibu likaja kwamba sasa hawajui neno letu lipi ni la kweli. Miezi minne baadaye binti aliolewa na mkulima wa mpunga wa hukohuko, kwa ng'ombe kumi na wawili. Wawili zaidi tungewapata. Ningeuza pikipiki yangu.

Mdogo wangu alihamia ng'ambo ya ziwa. Nikimpigia simu hupokea, husema "Shikamoo kaka", halafu husubiri nimalize.

Sikuthubutu kumwomba anisamehe. Nilichoweza ni kupiga hesabu ya gharama za hadhi ile: suti mbili, viatu jozi mbili, gari la siku moja, majarida kumi na mawili. Jumla, shilingi laki saba na elfu kumi.