Moto Uliomwagiwa Maji

Juzi, pembeni mwa Garsen, niliona kibao getini: nyumba ya kupanga ipo, wenye vocha wasibishe hodi. Nikasimama.

Nilikuwa mdogo mafuriko yalipotutoa kijijini kwetu, Wema. Mama alipewa na shirika la msaada vocha ya kulipiwa kodi, tukazunguka tukitafuta nyumba. Mchana mmoja tulipata moja iliyonukia chokaa mbichi, na mwenye nyumba akakubali upesi. Mama alifagia, akapanga uani mafiga matatu aliyoyaokoa majini, akawasha moto. Kwetu, nyumba haiwi yako mpaka moto wako uwake. Kuni zilipoanza kulia, niliamini tumefika.

Yule bwana akarudi kuulizia kodi. Mama akamtolea vocha. Aliishika kwa ncha za vidole, akairudisha.

"Hizi hapa hapana, mama. Nyinyi watu wa mafuriko mtanijazia hapa ukoo mzima."

Akachukua ndoo, akaumwagia moto wetu maji.

Vocha ilikuwa na tope. Nikadhani ndilo lililomuudhi, basi nikaipangusa kwa gauni langu, nikamkimbilia nikiwa nimeinyoosha mkononi. "Mzee, sasa ni safi!"

Mama alinivuta. "Acha, mwanangu. Hajakataa tope."

Akayabeba mafiga yangali moto, kwa leso yake. Sikuelewa kwa nini hakusubiri yapoe.

Sasa naelewa. Harufu ya majivu yaliyolowa haijanitoka puani, na juzi nilisimama mbele ya kibao kile nikainusa tena. Nina nyumba yangu, sitafuti ya kupanga. Nikabisha hodi, kwa ngumi.