Siku Niliyomkatalia Mama Kamla Ziwani

Nakumbuka asubuhi moja, mjukuu wangu Rahma, nilipomwambia mtu mzima "hapana" mbele za watu, na mpaka leo sijajuta. Kaa nikuhadithie. Najua utanijibu kwa Kiingereza. Jibu tu, mimi nitaendelea na changu.

Mama Kamla unamjua kwa picha tu, ile ya ukutani pale ngazini. Alikuwa Mpunjabi mzaliwa wa Nakuru, mwenye duka la vitambaa Southall, mtaa wa London. Mimi nilikuwa msichana niliyetoka Pemba juzi juzi, sina mtu London. Niliingia dukani kwake kukimbia mvua, akanisikia nikiilaani mvua kwa Kiswahili, akatoka nyuma ya kaunta anacheka. Siku ile ile nikapata kazi, na chumba juu ya duka. Nikawa namwita mama, naye akinijulisha kwa wateja anasema huyu binti yangu.

Basi elewa kwamba huyu hakuwa mtu wa kubishana naye. Halafu na malezi yetu unayajua. Mkubwa akiita, labeka. Akisema, ndiyo. Ukiona amekosea unanyamaza, na kunyamaza huko ndiyo adabu uliyofunzwa tangu hujaota meno.

Mumewe alipofariki aliacha hamu moja. Maisha yake yote alitamani kulizunguka ziwa Manasarovar, kule Tibet, ziwa wanalolitukuza Wahindu na Wabudha vilevile, na kuingia katika kila monasteri iliyo ukingoni mwake. Mama Kamla akaamua kumtimizia. Watoto wake walibanwa na kazi, akanichukua mimi. Mama yangu mzazi niliposema naye kwa simu aliuliza, "Unakwenda kwenye masanamu kutafuta nini?" Nikamwambia nakwenda kumsindikiza aliyenipa pa kulala. Akaniambia, basi nisisahau mswala.

Wallahi sijaona maji kama yale. Buluu tupu, na mlima mweupe ng'ambo, na upepo unaokata masikio. Zile monasteri ni nyumba ndogo za udongo na mawe, zimekaa juu ya vilima vinavyotazama ziwa, zimetundikwa vitambaa vya rangi vilivyoandikwa dua. Ndani kuna giza na taa za siagi, na watawa waliovaa mashuka mekundu wanaosoma kwa sauti nzito. Mama Kamla alikuwa akiingia, anainama, analitaja jina la mumewe. Mimi nakaa mlangoni na viatu vyetu. Kwenye monasteri moja mtawa aliponiona nazungukazunguka na mswala wangu, alichukua ufagio akanifagilia pembe ya ua, akaondoka bila neno. Nikaswali adhuhuri pale. Chai yao ina chumvi, hiyo nayo nilimeza kwa adabu.

Sasa, ziwa lile lina desturi yake. Unalizunguka, kwa miguu au kwa gari kama sisi, likiwa mkono wako wa kulia, mwanzo hadi mwisho, na hurudi nyuma. Tulikuwa hatujafika nusu Mama Kamla alipoanza kukohoa. Kule juu hewa ni nyepesi, mtu mzima humtesa. Asubuhi hiyo ninayokusimulia aliamka midomo imekuwa ya zambarau, na kikombe kilikuwa kikimtoka mkononi. Kiongozi wetu wa safari, kijana wa Kitibeti aliyeitwa Tenzin, alisema lazima ateremshwe haraka kwenye mji wenye zahanati, na njia fupi ni ile tuliyokuja nayo.

"Wacha maneno," alisema Mama Kamla. "Mimi niko sawa, ni baridi tu. Na sirudi kinyume. Nikirudi kinyume nitakuwa nimeyafuta yote niliyomfanyia mzee wangu."

Tenzin akanigeukia. Mimi ndiye niliyekuwa binti.

"Kama mama anavyotaka," nikasema.

Tukapanda gari, tukasonga mbele mpaka monasteri iliyofuata. Ngazi zake zilikuwa za mawe, na Mama Kamla alikaa kwenye ngazi ya kwanza akashindwa kuinuka. Lama mzee, mwalimu wa watawa wa pale, aliteremka mwenyewe kumfuata. Alimshika vidole, akamtazama kucha, kisha akauliza kupitia kwa Tenzin ni nani aliye pamoja naye. Nikasema mimi, binti yake.

"Mbona umemleta huku akiwa hivi?"

Nikajitetea kwamba kwetu mkubwa habishiwi.

"Na kwetu vilevile," akasema. "Mwalimu wangu nilimheshimu hivyo hivyo. Alisema twende, nikasema twende, akafia pale chini, unaona lile rundo la mawe? Mkubwa wako leo kichwa hakimpi kuamua. Amua wewe."

Nikamuuliza, na mzunguko wake je? Akaniambia kwao mtu akiugua njiani, mwingine humalizia kwa niaba yake. Nimwachie jina la marehemu, mtawa mmoja ataondoka nalo asubuhi hiyo hiyo. Nikamwachia.

Nikapiga magoti mbele ya Mama Kamla. "Mama, tunarudi."

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Nimesema twende mbele."

"Hapana, mama. Leo sikufuati."

Alinitazama kama mtu aliyeibiwa. "Nilikuokota kwenye mvua," akasema.

"Ndiyo. Ndiyo maana sikuachi hapa."

Nililia, mwanangu, lakini mikono yangu haikusita. Tenzin alimshika upande mmoja, mimi mwingine, tukamtia garini. Njia nzima alijifunika shali usoni asilione ziwa likiwa kushoto kwake. Zahanatini walimpa oksijeni, na daktari alisema tungechelewa mpaka jioni angetupa pole tu. Hakusema nami mpaka tulipotua London. Nilikubali. Nilipendelea aninunie akiwa hai.

Na aliishi miaka mingi baada ya hapo, akaozesha wajukuu. Siku zake za mwisho, watoto wake walipojazana kitandani wakimwambia unaendelea vizuri, aliwaambia, "Mkitaka kujua hali yangu muulizeni huyu. Huyu haniogopi." Sijawahi kusifiwa nikafurahi kama siku ile.

Sasa nije kwako. Wiki iliyopita nilipobanwa na kifua ulitaka kuita ambulensi. Nikakwambia gesi tu hii, kaa chini. Ukasema "Okay, Bibi," ukakaa. Nilikuona simu hujaiachia. Umelelewa vizuri, nami niliyekulea nikaingiwa na hofu.

Nisikilize, mwanangu. Mkubwa mheshimu, mwitikie, mbebee mfuko wake mpaka kituo cha basi. Lakini siku utakapoona anaelekea kwenye shimo, mkatalie. Mkatalie kwa upole, kwa magoti ikibidi, ila usiyumbe. Atakasirika, atakukumbusha kila alichokufanyia. Mwache akumbushe. Hasira za mzee hupoa. Kaburi halirudishi mtu.

Ile miadi ya daktari wa moyo niliyokwambia wameifuta, hawakuifuta. Ni kesho asubuhi. Nimekudanganya kwa sababu naogopa, ndio ukweli wenyewe. Nitaamka na visingizio, nitakwambia mguu unauma, nitakwambia mvua, labda nitakugombeza. Usiniambie okay.

Mungu akupe sauti laini na moyo mgumu, Rahma wangu. Akuepushe na majuto ya adabu. Akujaalie watoto watakaokupenda kiasi cha kukukatalia, na kesho nikikuambia siendi, akutie nguvu univishe koti. Amin.