Mnadi wa Nyuma ya Nguzo

Mzee Hoyt Ledbetter hampi mtu sahani ya nyama kabla hajajua anashabikia nini. Ukimwambia unafuata ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, nyama utapata, maana Tarver ni mji wa watu wenye adabu, lakini utapata kipande cha pembeni, kile kilichokauka.

"Hao wa kulipwa ni vibarua," anasema, kisu chake kikichambua bega la nguruwe lililokaa kwenye moshi tangu jana. "Kibarua simchukii. Lakini sijawahi kuvaa jezi ya fundi bomba, wala kumlilia akishindwa kuziba."

Kila Jumamosi ya vuli gari lake la mizigo husimama kwenye nyasi zilezile, ng'ambo ya uwanja wa chuo chetu, mlango wa nyuma umeshushwa na kugeuzwa meza. Hapo pana karanga za kuchemsha, mkate wa mahindi, chai baridi tamu mpaka meno yanauma, na maoni ya Mzee Hoyt. Maoni ndiyo mengi.

"Timu zao zinahama kama mpangaji. Mwenye timu amegombana na meya, kesho amefunga virago, yuko jangwani. Mashabiki waliobaki bado wanavaa kofia. Kofia ya nini? Ya ujane?"

Vyuo navyo havipati huruma. Vyuo alivipenda, kwa hiyo anavidharau kwa uchungu zaidi.

"Ligi ya watu wa milimani, sasa ina timu kutoka Pasifiki! Vijana wanapanda ndege nusu siku kwenda kugombana na watu wasiowajua. Utamchukiaje mtu ambaye hujawahi kumuuzia ng'ombe?"

"Basketiboli je, mzee?" huuliza Wendell, daktari wa meno, anayeketi naye uwanjani na kumchokoza kwa makusudi.

"Watu wanaruka ndani ya nyumba kama wamekanyaga siafu."

"Besiboli?"

"Kusubiri zamu hospitalini, ila hospitalini mwishowe unaitwa."

Siku moja niliutetea mpira wa miguu wa kwetu, huko ng'ambo ya bahari nilikotoka. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama punda mwenye malengelenge.

"Jirani, niliutazama kwa heshima yako. Dakika tisini, watu ishirini na wawili, mwisho bila kwa bila, na watu wanakumbatiana. Hata ng'ombe wangu huwa na matokeo."

Katika maisha yake yote ya kazi Hoyt alikuwa mnadi wa ng'ombe katika mnada wa Jumanne, nyuma ya kiwanda cha chakula cha kuku. Nimesikia minada ya ngamia, ya samaki na ya mazulia, kwa lugha nne. Sijasikia koo kama lile. Maneno yalimtoka yakifukuzana bila nafasi ya pumzi, kama mahindi yanayomwagika kutoka gunia lililopasuka, halafu ghafla yakakatika kwa neno moja lililopasua bati za paa: "Umeuzwa!"

Alipostaafu, koo lilihamia uwanjani. Kiti chake kiko upande wa kusini, nyuma ya nguzo mbili ambazo mpira hupigwa teke upite katikati yake kupata pointi tatu. Timu ngeni inapomleta mpiga teke wake upande ule, jukwaa zima la kusini hunyamaza, watu wamsikie Hoyt akimnadi.

"Haya haya haya, nani ananipa hamsini, hamsini kwa mguu wa kulia, umelelewa na bibi, haujawahi kubeba ndoo, arobaini, nani arobaini, goti lina kutu lakini kutu ni rangi, ishirini, mama mwenye kofia ishirini, kumi, tano, jamani nipeni hata kuku anayekohoa, kuku yupo, kuku mara ya kwanza, kuku mara ya pili—"

Na mguu unapoinuka tu: "Umeuzwa!" Hapo jukwaa zima hulipuka. Wapiga teke wengi wa watu wameondoka Tarver wakiwa wameuzwa kwa kuku.

Mjukuu wake, Tate, alikulia ndani ya sauti hiyo. Marlene, binti yake Hoyt na mama yake Tate, alirudi kuishi jirani na baba yake mtoto akiwa bado mdogo. Hoyt alisimika nguzo mbili za mti wa seda kwenye malisho ya ng'ombe, akakaa nyuma yake kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamnadi mjukuu kila jioni. Mwanzoni mtoto alilia. Baadaye akacheka. Mwisho akawa hasikii matusi. Alikuwa akisikia mapigo. Alijua "mara ya pili" inapofika, na hapo ndipo alipotikisa kichwa aletewe mpira.

Chuo chetu kilimchukua, kikampa jezi ya kahawia ya Nyumbu, ndilo jina la timu yetu, kikamkalisha benchi. Kocha alikuwa amesajili mpiga teke mwingine kutoka Texas, kijana mwenye nywele nzuri aliyekosa mipira ambayo Marlene angeipiga akiwa na aproni. Hoyt alimnadi kijana huyo pia, kwa sauti ya chini, japo ni wa kwetu.

Majira ya kuchipua, dirisha la uhamisho lilipofunguliwa, Tate alihama. Angekwenda popote pengine, Hoyt angenung'unika wiki moja, akanyamaza. Alikwenda kwa Korongo.

Korongo ni timu ya chuo cha ng'ambo ya mto, mahasimu wetu. Wanavaa kijani. Nyumbani kwa Hoyt hakuna kitu cha kijani isipokuwa kilichoota chenyewe. Aliwahi kumfukuza fundi wa rangi aliyethubutu kumshauri kijani kwa mlango. Tate alimpa habari hizo jikoni, amesimama.

"Babu, wamesema nitaanza. Kila mchezo."

"Na watakulipa."

"Watanilipa, ndiyo. Siku hizi wanalipa, Babu. Hata hapa kwetu."

"Nimeuza ng'ombe maisha yangu yote," Hoyt alisema. "Hakuna aliyepanda mwenyewe kwenye lori."

Hawakusemeshana tena tangu siku hiyo. Kiangazi kilipita, msimu ukaanza, na ile ndoo kwenye malisho ikabaki imepinduliwa, buibui ndani.

Mchezo wa Nyumbu na Korongo huwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Sikukuu ya Shukrani, ile Alhamisi ambayo kila familia hukutana kula bata mzinga, na mwaka huu ulikuwa kwetu. Tangu Jumatatu, kila aliyekutana na Hoyt dukani au kanisani alimpiga bega. "Mzee, safari hii una bidhaa ya nyumbani!" "Utaanza na bei gani?" Hoyt alijibu kwa mguno uliomaanisha lolote.

Jumamosi asubuhi Marlene alikuja kwenye gari, hakula kitu. Alivaa sweta jeupe, rangi isiyo ya timu yoyote, na wanawake wawili walimtazama kama aliyekuja harusini na nguo za kulalia.

"Baba, sikiliza. Ukimnadi mwanangu mbele ya watu hawa, Alhamisi usije kwangu. Nitampa mbwa sehemu yako ya bata mzinga."

"Mbwa wako hana meno."

"Nitamsagia."

Akaondoka. Wendell alijifanya anahesabu karanga. Hoyt alifuta kisu chake, akakifuta tena, kisha akasema kwamba mbwa yule anashabikia ligi ya kulipwa, usoni anaonekana.

Mchezo wenyewe ulikuwa mbaya, kama kawaida ya michezo inayosubiriwa mwaka mzima. Nyumbu waliangusha mpira, Korongo wakauokota na kuuangusha wao. "Tazama hii," Hoyt alisema. "Maskini wawili wanagombania kibeti kitupu." Tate alipiga teke mara mbili, yote upande wa kaskazini, mbali nasi, na yote yakapita katikati. Kila mara nililiona buti la Hoyt likiinuka kidogo.

Zilibaki sekunde chache. Tulikuwa mbele kwa pointi mbili. Korongo walisogea mpaka ikawa teke la mtoto, umbali ambao Tate aliupiga akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, ng'ombe wakimtazama. Safari hii walikuwa upande wa kusini.

Jukwaa letu likanyamaza. Watu waligeuka, nyuso zote kwa Hoyt, zinang'aa kama za watoto wanaosubiri pipi. Hoyt akasimama. Akavua kofia. Kule chini, mjukuu wake alipima hatua zake nyuma na pembeni, akainua macho kutazama katikati ya nguzo, yaani kwetu.

Hoyt akaivaa kofia yake, akaketi.

"Mzee?" Wendell alinong'ona. "Mzee, vipi?"

"Kaa kimya."

Wengine upande wa kaskazini walikuwa wakipiga kelele, lakini kelele ile ilikuwa mbali. Kwetu palikuwa kimya. Tate alisimama ameinamisha kichwa, mikono imelegea. Hakutikisa kichwa. Mwenzake aliyepiga goti kuupokea mpira alimgeukia mara moja, mara mbili. Saa ndogo inayowapa muda wa kuanza ilikuwa inakaribia mwisho. Tate akatazama tena juu, kwetu, na hata mimi niliona kwamba anasikiliza. Kocha wao akapayuka. Ndipo kijana akatikisa kichwa haraka, kama mtu aliyeamshwa, mpira ukaja, akaupiga akiwa amechelewa. Uligonga nguzo ya kushoto, ukalia kama sufuria, ukaangukia nje.

Sitaeleza shangwe. Shangwe za watu waliobahatika zinafanana duniani kote. Wendell alimvua Hoyt kofia, akambusu kwenye kipara. Watu wasiomjua walimrukia.

"Umemuua kwa kimya!"

"Hiyo ni akili, jamani! Akili ya mnadi!"

"Mzee Hoyt hoyee!"

Hoyt alikuwa ameketi palepale, uso umekuwa wa majivu, akiwatazama kwa dharau ambayo sijawahi kuiona hata alipokuwa akizungumzia mpira wa vikapu.

"Wajinga," alisema. "Nilikuwa namsaidia."

Alikwenda kwenye uzio ambako basi la wageni huegeshwa. Nilimfuata, maana magoti yake si ya kuaminika. Tate alitoka nywele zikidondosha maji, begi la kijani begani. Walitazamana kupitia uzio.

"Kwa nini hukuniuza?" kijana aliuliza.

"Mama yako alisema nikikunadi, bata mzinga wangu atapewa mbwa..."

"Mama alisema! Babu, nimepiga teke kwa kufuata mdomo wako tangu nikiwa na miaka sita. Kule kaskazini uko mbali, nahesabu mwenyewe. Lakini leo ulikuwa mbele yangu kabisa. Nikasema, haya, Babu yupo, ngoja afike mara ya pili. Nikangoja. Nikangoja!"

Hoyt alishika uzio kwa vidole vyote.

"Nilifikiri nakupa heshima."

"Heshima wape wageni."

Dereva wa basi akapiga honi. Tate akapanda. Kabla mlango haujafungwa akatoa kichwa nje. "Alhamisi njoo. Mbwa hana meno."

Alhamisi, kwa Marlene, ambako nami nilialikwa, bata mzinga alikuwa mkavu na televisheni ilikuwa inaonyesha mchezo wa ligi ya kulipwa, kama kila mwaka. Hoyt alikula akiwa ameipa mgongo. Aliuliza mara moja tu nani anaongoza, akajibiwa, akasema hata wachezaji wenyewe hawajui. Kisha yeye na Tate wakatoweka kabla ya pai ya viazi vitamu kukatwa.

Marlene alifungua dirisha la jikoni, mikono ina povu. Kutoka malishoni ilikuja ile sauti, imekwaruza kidogo kwa kukaa bila kazi.

"Haya haya haya, nani ananipa kumi, mguu wa kulia, uligonga chuma Jumamosi, chuma hakijambo, mguu ndio hatujui, tano, nani tano, umelishwa majani ya kijani umeharisha, mbili, nipeni kuku, hata yai, yai mara ya kwanza, yai mara ya pili—"

Tulisikia teke. Tulisikia "Umeuzwa!" Ng'ombe mmoja akalia. Mpira ulipita juu ya nguzo za seda, juu ya uzio, ukatua kwenye bwawa la jirani.

"Unapiga kama wa kulipwa," Hoyt alisema.

"Asante, Babu."

"Sikukusifu. Kaufuate."