Wote Waliopona

Shangazi yangu ametunza mafaili ya hospitali kwa miaka ishirini na miwili. Mwaka jana daktari mtafiti alimpa mafaili mia mbili ya waliopasuliwa ngiri, wengine kwa njia ya zamani, wengine kwa njia mpya, ili ijulikane ipi inaponya zaidi.

"Asiyerudi kliniki baada ya wiki sita, andika amepona," daktari akamwelekeza. "Angeumwa, si angerudi?"

Shangazi akaandika. Amepona, amepona, amepona, mpaka mkono ukafa ganzi. Siku ya tatu akakutana na faili la mumewe, ambaye alipasuliwa kwa njia ya zamani, akaruhusiwa, na siku ya tisa akafia nyumbani tumbo limemvimba kama ngoma. Ukurasa wa kliniki ulikuwa mweupe.

Akampelekea daktari. "Huyu hakurudi kwa sababu nilimzika."

"Pole sana, mama. Lakini humu hamna cheti cha kifo. Utaratibu ni utaratibu."

"Mimi ndiye niliyemfumba macho!"

"Naelewa, mama. Andika tu."

Shangazi akagoma. Daktari, bila hata haya, akachukua kalamu akaandika mwenyewe.

Ripoti imetoka juzi, na njia ya zamani imesifiwa mno. Shangazi anamlaani daktari kutwa nzima, nami namwitikia. Kinachomkondesha hasemi. Kabla ya faili la mumewe, aliwaponya watu thelathini na wanane kwa mkono wake mwenyewe, bila kumpigia simu hata mmoja.