Wakanipa neno la shukrani

Leo nimejua kwamba kuongea vizuri mbele za watu kunachosha.

Tulikuwa na mkutano wa wakulima wa tumbaku kule Namtumbo. Mgeni alikuwa meneja wa kampuni mpya inayonunua zao letu. Wenzangu wakanisukuma nisimame.

Nikamuuliza kwa nini tumbaku yetu nzuri inaandikwa daraja la mwisho, lenye bei ya chini kabisa. Sauti ilitoka safi, hata kukohoa sikukohoa.

Makofi.

Meneja akatabasamu. “Mama, unajieleza vizuri sana.” Akakaa.

Jibu hakuna.

Mwenyekiti wetu naye akadakia: “Kwa kuwa mama anajua kuongea, basi atoe neno la shukrani kwa mgeni.”

Jamani, nimelitoa. Kwa sauti ileile, hadi wa nyuma wakasikia.

Nimefika nyumbani Songea, hata viatu sijavua.

Wewe ungekataaje?